Kuhukumu Usichokisikiliza

Juzi hapa Mabamba mjukuu wangu na rafiki yake walibishana jioni nzima: huyu akisifu hip hop ya Professor Jay, yule katuni za Kijapani. Wakaniomba niamue. Nilikuwa tayari kusema vyote ni upuuzi, nikakumbuka ujana wangu. Marehemu baba aliposikia redioni gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, aliliita kelele za walevi, akazima. Sikuacha kumpenda Mbaraka. Niliacha kumweleza baba ya moyoni.

Basi nikawataka kila mmoja aeleze uzuri wa kile akipendacho mwenzake. Wakashindwa. Nami nikashindwa. Ndugu msomaji, kuchagua si kosa; kosa ni kuhukumu usichokisikiliza, maana anayeumia si wimbo, ni mtu.