Mkuu Asiyesikia la Mdogo

Methali yasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto twawafundisha neno hili shuleni, nao hulikariri vizuri. Lakini twauliza: mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Tukiangalia habari za zamani na za karibu, twaona ya kuwa mara nyingi havunjiki kitu. Guu livunjikalo ni la mdogo yule yule aliyenyamazishwa. Kwa hiyo twadhani kusikiliza shauri si adabu njema tu kwa mtawala, bali ni deni lake.

Wachina wa kale walilifikiri sana jambo hili. Sun Tzu, katika kitabu chake cha vita chenye sura 13, amfundisha jemadari kutazama kabla ya kutenda. Ndege wakiruka ghafula, chini wamo watu waliojificha. Askari wakiegemea mikuki yao, wana njaa. Watekaji maji wakinywa wao kwanza, jeshi lina kiu. Huo si uaguzi, ni macho tu, na mchunga ng'ombe wa Uha angefahamu mara moja. Tena katika vita vilivyokwisha mwaka 202 kabla ya kuzaliwa Kristo, Xiang Yu alimpita Liu Bang kwa ushujaa. Alikuwa na mshauri mwenye akili, mzee Fan Zeng, wala hakumsikiliza. Mzee akaondoka kwa hasira, akafa njiani. Liu Bang alishindwa mara nyingi, lakini alisikia la watu, naye ndiye aliyetawala China. (Habari ya Rehoboamu wasomaji waijua, hatuirudii.)

Huku kwetu Kasulu na Kibondo, mwami alikuwa na ng'ombe na ngoma, lakini kugawa ardhi kulikuwa kazi ya wateko, wazee walioujua udongo. Hatusemi zamani zile zilikuwa njema zote, maana wako waliotumikishwa kwa ajili ya ng'ombe. Ila desturi ile ilimlazimisha mwenye nguvu kumwuliza mwenye maarifa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ukiwakataza viongozi majivuno na kuwadharau watu. Mwaka uliofuata, 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Watu waliokaa mbalimbali milimani, kila mtu na migomba yake, wakahamishiwa vijijini. Nia haikuwa mbaya: shule, zahanati na maji ya bomba ni vigumu kuvifikisha kila kilima, nasi twalikubali hilo. Lakini twaona ya kuwa nia njema yenyewe ndiyo huziba masikio, kwa kuwa ajijuaye anawatakia watu heri hudhani hana haja ya kuwauliza. Barabara ilitazamwa kuliko udongo. Mama aliyepanda maharagwe mahali pamoja miaka 20 aweza kusema udongo upi huchoka upesi na kijito kipi hukauka kiangazi. Naye hukuulizwa kwake kungechukua asubuhi moja tu. Mgomba haukunjwi kama mkeka ukahama nao.

Mtu atajibu: mtawala akimsikiliza kila mmoja, kazi itafanyika lini? Swali hili ni la haki. Tena wako washauri wasemao lile tu bwana alipendalo, na hao ni wabaya kuliko kukosa mshauri. Hapa ndipo macho yanapohitajika. Aliyekwenda mwenyewe kwa miguu mpaka mtoni hadanganyiki upesi juu ya maji, wala hamfuati asemaye mwisho. Uamuzi ubaki wake, na lawama pia. Shauri halimwondolei mzigo huo.

Leo kijiji kina mkutano wake mkuu, nao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Wengi huketi nyuma, husikia, huondoka. Mwenyekiti na atazame ni nani hakusema neno, hasa wanawake, na kesho yake apite shambani kwao, bila daftari.