Mtoto Aliyetolewa Darasani

Septemba 2019, katika Shule ya Msingi Kabiangek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, binti wa miaka 14 alipata hedhi yake ya kwanza akiwa darasani. Sare ikaingia doa. Mama yake aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mwalimu alimwita mchafu, akamtoa nje. Binti akarudi nyumbani, akamsimulia mama. Baadaye mtoto akajitoa uhai. Wazazi waliandamana hadi shuleni, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Sisemi neno moja ndilo lililomuua. Moyo wa mtoto hubeba mengi. Lakini ndugu zangu walimu, tuirudie ile njia ya kutoka darasani hadi nyumbani. Sheria ya Kenya ya 2017 ilikwisha kuagiza wasichana wapewe taulo za kike bure shuleni, naye siku ile hakuwa nazo. Kisha akasimama nje na doa lake. Katika yote yaliyosimuliwa, sijasikia habari ya mtu mzima aliyemfunga kanga kiunoni na kumsindikiza. Nami nimewahi kumwambia mtoto "toka nje" nisiulize ameelekea wapi.

Nasi huku kwetu Maganzo, nchini Tanzania, tunao watoto wanaoficha maumivu yao. Jua la Oktoba huchoma. Ukimwona mwanafunzi amevaa sweta mpaka saa nane mchana, hakunji mikono hata anapomwagilia bustani, michezo anaikwepa, na kila wiki ana jeraha jipya analosema ni la mwiba, usikimbilie kumwita mkaidi. Huenda anaficha alama za wembe. Wengi wanaojikata hawatafuti kufa, wanatafuta kutuliza maumivu ya ndani. Hata hivyo hilo lisitulegeze, maana anayejidhuru yumo hatarini zaidi kuliko wenzake. Sisi tunakosea pale tunapomvua sweta mstarini mbele ya shule nzima, tunaposema anadeka au ana mapepo, tunaposhika fimbo. Aibu ile humfundisha kuficha zaidi.

Mwite pembeni, kwa sauti ya kawaida. Kidonda kisafishwe kwanza, maswali baadaye. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kupumua. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, bali mwambie nani ataambiwa na kwa nini. Mwalimu wa unasihi ahusishwe, na mzazi, isipokuwa kama maumivu yanatoka nyumbani kwenyewe. Hapo anza na afisa ustawi wa jamii. Namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Mtoto akisema anataka kufa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na kama mzazi yuko machimboni na simu haipatikani, kengele ya mwisho ikilia mtoto asiondoke peke yake. Kaa naye hapo kwenye benchi hadi mtu mzima anayemwamini afike.