Chakula cha Sikukuu na Haki ya Watoto Wetu

Kila mzazi aliyekula vizuri siku ya sikukuu utotoni mwake hutamani mwanawe ale kile kile. Tamaa hiyo ni njema, wala hakuna wa kuilaumu. Lakini ndani yake limefichika swali la maadili ambalo si dogo: je, ladha ya utoto wetu ni deni tunalodaiwa na watoto wetu, au ni kumbukumbu yetu tu tunayotaka kuwatwisha? Tutalitazama swali hili kwa mfano wa Nchelenge, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, nchini Zambia, kwa sababu huko jambo hili limekutana na sheria, na pia limekutana na njaa.

Katika nchi ile ugali wa kila siku ni wa muhogo, nao huitwa ubwali. Kitoweo chake cha heshima ni samaki mbichi wa ziwani, hasa perege, ambaye wenyeji humwita pale. Na kando yake majani ya muhogo, yaani katapa. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ndugu zetu wa huko, ambao wengi wao walikimbia mapigano mwaka 2017 na kupewa makazi Mantapala, wilayani Nchelenge, tangu mwaka 2018, husema kwa Kiswahili chao bukari na sombe. Majina ni mbalimbali, sahani ni moja. Basi Noeli inapokaribia, wazazi wengi, wenyeji kwa wageni, huwa na haja moja: kuwaandalia watoto kile walichoandaliwa na mama zao.

Kwanza, hatuna budi kutenganisha chakula na mambo yaliyokitia utamu. Utamu wa sikukuu ya zamani haukutoka chunguni peke yake. Ulitoka katika kungoja, katika kutumwa kuni na maji, katika kukaa pamoja na jamaa waliotoka mbali. Mambo hayo hayapakuliki. Mtoto akiusukuma kando mnofu wa samaki kwa kuogopa miiba, au akiuliza kwa nini hakupikwa kuku, tusimwite mtovu wa shukrani. Tunamdai aonje kungoja ambako hakungoja yeye.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wasemao kwamba kila kizazi kile kipendacho na yaishie hapo. Sisi tunaofundisha lugha twajua kwamba chakula kikiondoka jikoni, maneno yake huondoka vinywani. Kupara magamba, kutumbua, kubanika, kuanika. Majina ya nyavu, ya pepo na ya misimu: mtoto hayapati kitabuni kabla ya kuyapata kando ya moto. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nao hawakuwa wakizungumza juu ya samaki tu.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo ndilo zito. Zamani samaki aitwaye mpumbu (jina ambalo msomaji wa pwani asilicheke) alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kutaga mayai. Miji ya migodi, Elisabethville upande wa Kongo na miji ya Copperbelt upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ilikuwa na njaa kubwa ya samaki wa huko. Nyavu zikawakinga njiani kabla ya kutaga, na kufikia miaka ya 1950 misafara ile ilikuwa imekwisha kuvunjika. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mjukuu wa wavuvi wale amerithi jina la samaki. Samaki mwenyewe aliliwa kabla yeye hajazaliwa.

Ndiyo maana Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito mingi, Mweru likiwamo, tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Noeli, basi, huangukia katikati ya mfungo huo. Mzazi anayetaka perege mbichi siku hiyo hana budi kumnunua kwa siri, usiku, kwa bei ya juu. Je, anampa mtoto nini? Anampa ladha ya babu zake, na katika tonge lilo hilo anamla samaki ambaye angezaa chakula cha mtoto huyo huyo. Tena anamfundisha kwamba mapenzi ya wazazi yana ruhusa ya kuvunja sheria.

Tutaambiwa kwamba mvuvi maskini naye ana watoto, na ya kwamba ziwa ni moja lakini serikali ni mbili. Anachoacha huyu aweza kukivua yule. Hoja hizi ni za kweli. Mvuvi asiye na akiba wala shamba hatumhukumu sisi tulioshiba, na serikali inayofunga ziwa ina wajibu wa kufikiria jinsi atakavyoishi miezi hiyo mitatu. Lakini maneno yetu yanamhusu mnunuzi, ambaye hasukumwi na njaa bali na hamu ya sikukuu. Huyo ana hiari.

Na afanyeje? Anunue samaki mapema, mwezi wa Novemba, ambanike au amkaushe. Au apike chisense, wale dagaa wa Mweru, walioanikwa juani kabla ya ziwa kufungwa. Aweke mezani pamoja na ubwali na katapa, kisha awaeleze watoto kwa nini hakuna samaki mbichi. Mwezi wa Machi ziwa likifunguliwa, awapikie aliyemwahidi. Hapo watoto watakuwa wamengoja, na kungoja, kama tulivyosema, kulikuwa nusu ya utamu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: watoto hawatudai ladha, wanatudai uwezekano wa kuionja. Wakishakuwa watu wazima wanaweza kuipenda au kuiacha, lakini hiari hiyo ni yao. Tukilimaliza ziwa kwa kuwafurahisha, tutakuwa tumechagua kwa niaba yao.