Nani Ana Haja ya Kukaa?

Wahenga wetu walilimaliza suala la mgeni kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, hebu tuuchukue usemi huo tuupeleke mbali, hadi Kanada, kwenye mji mdogo uitwao Banff, tuone kama utasimama.

Banff uko ndani ya hifadhi ya taifa. Si langoni wala pembeni, ni ndani kabisa, katikati ya milima ya Rocky, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake hawafiki 10,000, lakini wageni wanaoingia katika hifadhi hiyo kwa mwaka wanapita milioni 4. Kuna shule, benki, maduka ya aiskrimu, na kulungu wakubwa wanaojipitia barabarani kama mbuzi wa uswahilini kwetu.

Sasa sikiliza sheria yao. Ardhi yote ni ya serikali; nyumba ni yako, kiwanja umekodi. Na huwezi kuhamia pale kwa sababu tu umependa hewa. Lazima uwe na haja ya kukaa (usicheke, ndivyo sheria inavyoita). Haja maana yake uwe na kazi ndani ya hifadhi, au biashara, au uwe mke, mume au mtoto wa mwenye kazi, au uwe umestaafu baada ya kufanya kazi humo miaka mitano mfululizo. Kwa kifupi, jembe kwanza, chumba baadaye.

Rafiki yangu mmoja tuliyemaliza naye kidato cha nne anatandika vitanda katika hoteli moja ya huko. Picha anazonituma ni balaa: theluji, ziwa la rangi ya feruzi, yeye na koti kubwa kama godoro. Lakini siku moja alinirekodia ujumbe wa sauti usiku, amechoka, akasema, "Mwanangu, huku ukikosa kazi umekosa na kwako." Basi, akahamia habari za mpira.

Mimi kwa kweli sheria ile siichukii. Fikiria ingekuwa haipo. Matajiri wangenunua nyumba zote, wazifunge miezi kumi na moja, waje mwezi mmoja kuteleza kwenye theluji, na mtandika vitanda alale wapi? Ni nadra sana duniani kukuta mahali pazuri ambapo fedha peke yake haitoshi kukupa mlango. Hapo nawavulia kofia.

Lakini haja ya nani inahesabika? Hapo ndipo moyo wangu unapokwama.

Mwaka 1883 vibarua watatu wa reli walikuta chemchemi za maji moto mlimani, na vitabu vingi vikaandika kwamba walizigundua. Jamani! Watu wa Stoney Nakoda na mataifa mengine ya asili walikuwa wanaoga humo na kuomba humo tangu enzi za mababu. Mwaka 1885 serikali ikaitenga ardhi ya chemchemi, mwaka 1887 ikawa hifadhi, mwaka 1888 kampuni ya reli ikafungua hoteli kama kasri. Wanakoda waliokuwa wakiwinda katika milima ile wakafungiwa nje na sheria za wanyama. Wao waliilisha miili yao na dini yao kutoka mlima ule, lakini haja hiyo haikuandikwa popote. Halafu, kituko chenyewe ni hiki: kwa miaka mingi, hadi 1978, walialikwa kurudi siku chache kila kiangazi, na mahema yao na mavazi yao ya manyoya, wachezee ngoma watalii. Yaani mwenyeji alipewa siku mbili, na hata jembe la siku ya tatu akanyimwa.

Kuna na waliopewa jembe bila kuomba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1915 na 1917, wafungwa, wengi wao Waukraine waliokuwa wamehamia Kanada kutafuta maisha, waliwekwa kambini chini ya mlima Castle na kutumikishwa kujenga barabara. Mtalii wa leo anapita na gari lake, raha mustarehe.

Atakayesema haya ni mambo ya Wazungu, nimkumbushe Serengeti. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliwahamishia Wamasai Ngorongoro ili wanyama wabaki peke yao. Peke yao na nani? Hoteli za watalii zimo humo leo. Sisi tunaotamani kuandika riwaya tunapenda sana maneno kama "ardhi isiyoguswa". Hayo ni maneno ya mabango ya utalii. Mahali pakionekana patupu, mwandishi ana kazi ya kuuliza nani aliondolewa, na alikwenda wapi.

Basi je, ni dhambi kwenda kutembea Banff? Wapo watakaosema ndiyo. Mimi nasema kususia kwangu hakumrudishii Mnakoda hata jiwe moja, na rafiki yangu anakula kwa vitanda vya hao hao watalii. Akinitumia nauli kesho, nakwenda, tena mbio. Ila mlima sitauita mtupu, na chemchemi sitasema ziligunduliwa.

Na kuna jambo moja kwenye ramani. Barabara kuu ya kutoka Calgary kwenda Banff inakatiza ardhi waliyobakiziwa Wanakoda, penye kijiji chao cha Mînî Thnî, ambacho ramani nyingi zinakiita Morley. Milima inaonekana vizuri kutoka pale. Watalii wengi wanapapita kwa kasi, wakiwahi langoni kulipa kiingilio.