Shoka Liliangukia Wapi?

Neno kwa wanaorudilia Ekzameni ya Serikali
Masomo: 2 Wafalme 6:1-7; Luka 14:28-30



Kila mwaka, ekzameni inapokaribia, watu wanaleta biki zao ziombewe. Watoto wa masomo wanakuja mbele kwa furaha. Lakini tazameni mwisho wa mstari. Pale wanasimama watu wakubwa: baba mwenye watoto wanne, mama aliyeachia masomo katika humanite, kijana aliyeshindwa zamani na hakurudi tena. Biki wameifunga mkononi ili mtu asiione. Neno la leo ni la hao walio mwisho wa mstari.

Ekzameni ya Serikali ilianza katika inchi yetu mwaka 1967, na tangu hapo mtu asiye na diploma ya Serikali haingii chuo kikuu. Hapa Bukavu, uende UOB, uende Universite Katolike, uende UEA au ISP, watakuuliza diploma kwanza. Na wengi kati yetu waliikosa bila kuwa wavivu. Masomo yalikatika Oktoba 1996, yakakatika tena Juni 2004, tena Februari 2025. Kwa wengine ilikosekana feza ya shule. Na wako dada zetu waliopata mimba. Kijana aliyewapa mimba akaendelea kusoma, wao wakarudishwa nyumbani. (Baba wa familia, hilo nalo tulijibu siku moja.) Serikali imeacha njia kwa watu kama hao: mtu anajiandikisha kama otodidakti, anapita kwanza mitihani ya utangulizi, kisha anaketi pamoja na finalisti wa mwaka ule. Ni njia ya haki. Hakuna haya ndani yake.

Lakini hesabu inawatisha. Kifaransa mtu anaendelea kukisikia kwenye radio na katika ofisi. Hesabu ukiiacha miaka 10, nayo inakuacha.

Sasa tuangalie Neno. Wana wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani. Mmoja wao shoka lake likachomoka, chuma kikazama ndani ya maji. Akapiga kelele kwa Elisha, maana lile shoka lilikuwa la kuazima. Na Elisha, mtu wa Mungu mwenye nguvu zile zote, alifanya nini kwanza? Hakuomba kwanza. Aliuliza swali: lilianguka pahali gani? Yule mtu akamwonyesha pahali. Ndipo nabii akakata kijiti, akakitupa pale pale, si pahali pengine, na chuma kikaelea.

Wapendwa, ninyi mnaoamini unabii, mlisikie hili vema. Nabii mwenyewe alitaka kujua pahali. Na wewe unakuja unasema, "Hesabu yote imenikimbia." Yote? Hapana, si yote. Iko pahali ilipoanguka, na pahali pale panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Mama mmoja kati yetu anauza maharagwe Kadutu. Alitaka kurudilia ekzameni, akafungua kaye ya mwaka wa mwisho, akaanza na limiti na derive. Alilia siku tatu. Kijana aliyekuwa anamsaidia akafunga ile kaye, akaandika kwenye karatasi kitu kidogo sana: −3 − 5. Mama akajibu haraka: 8. Kwa sababu gani? Kwa sababu alikumbuka kwamba minus na minus inatoa plus. Hapo ndipo shoka lilipoangukia! Ile kanuni ni ya kuzidisha. Yeye aliileta katika kujumlisha. Kijana akamwambia, "Mama, ukichukua deni la gigozi 3 za maharagwe, na kesho ukachukua deni lingine la gigozi 5, je, umekuwa tajiri?" Mama akacheka. Deni la 8. Yaani −8. Tangu siku ile hakukosea alama tena, maana madeni anayafahamu kuliko mwalimu.

Halafu wakaenda kwa sehemu. Nusu na theluthi, alisema ni 2/5. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu yenyewe. Namna gani unaongeza kitu na kinapungua? Wakazigeuza zote ziwe sehemu za sita: 3/6 na 2/6, jibu ni 5/6. Wiki baada ya wiki walipanda ngazi. Siku moja akapewa x² − 5x + 6 = 0. Akatafuta namba mbili ambazo ukizijumlisha zinatoa 5 na ukizizidisha zinatoa 6. Akaandika 2 na 3, akazirudisha ndani ya swali moja moja kuhakikisha. Zote mbili zikatoa sifuri.

Kitu kilichokuwa kinamzuia kilikuwa cha mwanzo kabisa wa sekondari, na alikuwa anakitafuta katika mwaka wa sita. Wengi mnatafuta hivyo. Mtu mzima anaona haya kushika kaye ya mtoto wake. Mimi nawaambia, mshike hiyo kaye. Mwombe mtoto akufundishe. Naye atakuheshimu zaidi, si kidogo.

Tena angalieni mwisho wa ile habari. Chuma kilipoelea, Elisha hakukiokota. Alimwambia yule mtu akichukue, naye akanyosha mkono wake mwenyewe. Biki tutaiombea, na tutaiombea kwa imani. Lakini biki iliyoombewa inaandika yale yaliyo kichwani mwa anayeishika.

Na wale wanaosema kwamba usiku wa ekzameni majibu yanauzwa kwa telefone, mjue hivi. Mara nyingi mnauziwa uongo, na feza imekwenda. Na hata yakiwa ya kweli, utaingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na siku ya kwanza mwalimu ataandika hesabu ubaoni. Hapo utamnunua nani?

Luka anasema juu ya mtu anayejenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi hesabuni na wakati. Saa moja kila siku kwa miezi 8 inapita sana kukesha wiki mbili za mwisho na kahawa. Umeme ukikatika, na katika mji huu unakatika, fanya asubuhi mapema kabla ya soko. Usisome hesabu kwa macho tu kama gazeti. Andika, futa, andika tena. Baba, mke wako akifungua kaye saa mbili ya usiku, wewe osha vyombo. Hutakufa.

Yule ambaye angali na kaye za hesabu za mwaka wa kwanza na wa pili, azilete kwa mashemasi baada ya ibada. Vijana waliopita ekzameni waje Jumamosi kusaidia wakubwa wao, kila mmoja aketi na mtu mmoja, na swali la kwanza liwe lile la Elisha. Wale wa mwisho wa mstari, siku ya kuombea biki mtakuja mbele, kabla ya watoto.

Amina.