Tunacheka Herufi, Tunaacha Ujumbe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba wake. 

Nasaha ya leo inaanza na mimi mwenyewe, kwa sababu kosa ni langu.

Nimezaliwa Nyakabanda, Kigali, jirani na Nyamirambo, ambako Kiswahili hukisikia dukani, gereji na kwenye baraza za misikiti. Sekondari nilisoma Tanga. Nilirudi nyumbani na Kiswahili ambacho, astaghfirullah, nilikiona bora kuliko cha waliobaki. Tuna kundi la WhatsApp la wapenzi wa soka wa mtaani kwetu. Wamo wa Rayon Sports, wamo wa APR, wamo ndugu wa Bujumbura, Goma na Kigoma, ndiyo maana tunaandikiana kwa Kiswahili. Utani ni mwingi. Timu yako ikifungwa, huna pa kujificha. Na kukosea sarufi ni kama kufungwa bao: ukiandika "mpira yetu", kabla hujaweka simu chini umeshajibiwa, "Wetu, ndugu, wetu!" Refa wa mchezo huo nilikuwa mimi. Wakaniita Mwalimu, nami jina likanikolea.

Likizo iliyopita, usiku mmoja baada ya Isha, tukiwa katikati ya ubishi wa penalti, mzee mmoja wa kundi aliandika: "Ndugu, mama wa watoto amerazwa hospitari tangu Jumatatu. Niko naye hapa. Watoto nyumbani hawajakura. Nani ako karibu?"

Katika Kinyarwanda, l na r hazitenganishi maana ya maneno kama zinavyofanya katika Kiswahili. Kila mtu alimwelewa. Hata mimi. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea, nikaandika: "Mzee wangu, uchaguzi umeshapita, kura za nini tena?"

Vicheko vilimiminika. Mwingine akaongeza kwamba hospitali ni kwa l. Mwingine akauliza kama watoto hawajakura au hawajakua. Mzee alijibu maneno mawili tu: "Asante, Mwalimu." Tukarudi kwenye penalti.

Asubuhi mama yangu alinisimulia, bila kujua nilichofanya, kwamba jirani alisikia watoto wa yule mzee wanalia usiku, akawapelekea ugali na maharage. Jirani huyo hayumo kwenye kundi letu, na kusoma kwake ni kwa shida. Sisi tuliosoma ujumbe neno kwa neno, herufi kwa herufi, hakuna hata mmoja aliyevuka barabara.

Ndugu zangu, je, tatizo lilikuwa utani? Hapana. Dini yetu haikukataza mzaha. Masahaba walimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba yeye hutaniana nao, akawajibu kwamba hata katika mzaha hasemi ila kweli. Ameipokea Tirmidhi. Na mzaha wake mmoja ulikuwa wa lugha hasa. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamuuliza, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Tazameni mwisho wa mzaha ule. Mtu alipata cha kucheka, na alipata alichoomba. Mzaha wangu ulimpa mzee kicheko cha watu wengine, na shida yake ikabaki palepale.

Hata mila zetu zinajua jambo hili. Ndugu zetu wa Tanzania wana utani wa makabila. Mtani anaweza kukuambia maneno ambayo akiyasema mwingine ni ugomvi. Lakini huyo huyo mtani, ukifiwa, ndiye anayefika msibani na kushika kazi. Ruhusa ya kucheka ameilipia kwa wajibu wa kusaidia. Sisi kwenye simu tumechukua ruhusa, wajibu tumeuacha.

Je, tatizo lilikuwa kusahihisha? Hapana tena. Sisi tunaosoma Kiarabu tunajua uzito wa irabu moja. Katika Sura ya Tawba, aya ya 3, Allah anatangaza kwamba Yeye amejitenga na washirikina, na Mtume wake vilevile. Ukibadilisha irabu ya mwisho ya neno "rasul", ukaisoma kwa kasra, maana inageuka kuwa Allah amejitenga na Mtume wake. Wasimulizi wanataja kosa kama hilo miongoni mwa sababu zilizomfanya Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra aanze kuweka misingi ya nahau. Kuitunza lugha ni kheri, na anayekusahihisha kwa haki amekupa zawadi.

Lakini angalieni kisa cha Sibawayhi, mwandishi wa Al-Kitab, kitabu kikubwa cha kwanza cha nahau ya Kiarabu. Alikuwa Mwajemi, na Kiarabu hakikuwa lugha ya mababu zake, kama vile Kiswahili si lugha ya mababu wa wengi wetu Nyakabanda. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana, katika darasa la hadithi la Hammad bin Salama, alisoma jina la Abud-Dardaa kwa irabu isiyo yake. Shekhe akamwambia wazi kwamba amekosea. Sibawayhi akaazimia kutafuta elimu ambayo hakuna atakayemkosoa kwayo, akaenda kukaa kwa Al-Khalil bin Ahmad. Kosa moja, sahihisho moja, na umma ukapata imamu wa lugha.

Miaka ikapita. Akiwa mwanachuoni, aliitwa Baghdad kujadiliana na Al-Kisai mbele ya waziri wa Barmaki. Swali lilihusu nyigu na nge, na tofauti yote ilikuwa kiwakilishi kimoja cha mwisho wa sentensi. Wakaitwa mabedui waamue, wakamuunga mkono Al-Kisai, na wapo waliosema kwamba walielemea upande wenye nguvu. Sibawayhi aliondoka Baghdad amevunjika moyo, akarudi Uajemi, na haukupita muda mrefu akafariki akiwa bado hajazeeka. Wanazuoni wengi wa nahau waliokuja baadaye wakasema haki ilikuwa yake.

Mtu ni yuleyule, na elimu ni ileile. Darasani alisahihishwa ili ajue, akainuka. Kwenye baraza la waziri alisahihishwa ili aanguke mbele ya watazamaji. Kila mmoja wetu ajiulize anapoandika "siyo hivyo, ni hivi": mimi ni Hammad, au nimekuwa baraza la Baghdad?

Na kuna mfano ulionitisha zaidi. Nabii Musa (a.s.) aliomba Allah amfungulie fundo la ulimi wake, na akaomba asaidiwe na nduguye Harun, aliyekuwa fasaha kuliko yeye. Alipofika kwa Firauni na ujumbe wa Mola wake, Firauni alifanya nini? Sura ya Zukhruf, aya ya 52, inatueleza kwamba aliwaambia watu wake kuwa huyu ni mtu dhalili, hata kusema vizuri hawezi. Ujumbe ulikuwa mzito, akaukwepa kwa kuucheka ulimi wa mjumbe. Niliisoma aya hiyo mara nyingi darasani, na hata mtihani wake nilifanya. Sikuwahi kudhani kwamba ningesimama hata hatua moja upande wa Firauni. Usiku ule nilisimama.

Sisi wa Kigali tulipaswa kulijua hili mapema. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Waislamu wa Kigali walitengewa mtaa wa Biryogo, na neno "Mswahili" likawa jina la Mwislamu, kisha likawa tusi la mtu mjanja asiyeaminika. Wazee wetu walibeba dharau kwa sababu ya lugha waliyozungumza. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda, na leo watoto wa wazee haohao tunakitumia kuwadharau wao. Allah anatuambia katika Sura ya Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu ni katika ishara zake. Na katika Sura ya Hujurat, aya ya 11, ametukataza kudharauliana na kubandikana majina mabaya, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Yule mzee alikuwa usiku ule akimhudumia mke mgonjwa. Mimi nilikuwa nimelala chali na simu.

Basi, ndugu zangu, nimejiwekea mambo matatu, nami nawausia.

La kwanza, jibu ujumbe kabla hujagusa herufi. Mtu akiuliza, mjibu. Akiomba, msaidie au mwombee dua. Sarufi itasubiri.

La pili, sahihisha kwa wakati wake na mahali pake. Muawiya bin Al-Hakam (r.a.) alizungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu walimkodolea macho na kujipiga mapajani. Mtume (s.a.w.) alingoja swala iishe, kisha akamfundisha bila kumkaripia, kumpiga wala kumtukana. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim. Leo simu inatuwezesha kumwandikia mtu peke yake, lakini sisi tunapenda kumfundisha mbele ya watu mia.

La tatu, mheshimu anayekwama. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa mama yetu Aisha (r.a.) kwamba anayesoma Qur'an kwa taabu, huku akikwama, ana malipo mawili. Ikiwa Mola wa maneno hayo humlipa anayekwama, sisi ni nani hata tumcheke?

Siku ile mama alinifungia wali na samaki, nikaenda hospitalini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, yote kwa ngeli sahihi. Mzee aliniona mlangoni, akanishika mkono, akafungua bakuli, akasema, "Aa, Mwalimu ametuletea wari!" Akakaza hiyo r makusudi, akicheka. Mkewe naye akacheka pale kitandani. Sikuweza kusema nilichopanga. Nilisema "nisamehe, mzee", basi.

Mama wa watoto amepona, alhamdulillah. Lakini mpaka naandika nasaha hii, yule mzee hajaandika tena hata sentensi moja kundini. Rayon ikifunga, hutuma alama ya mpira. Amenisamehe, nina yakini. Ila maneno yake tumeyapoteza, na niliyeyafukuza ni mimi.

Ewe Allah, zitengeneze ndimi zetu, na kabla ya ndimi zetu zitengeneze nyoyo zetu. Usitufanye wenye kusikia kosa la ndugu yetu na kutosikia haja yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.