Nani Amemwulizia?

Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Kihesa hucheza Free Fire kwenye simu kila usiku. Nilidhani anafuata zawadi za kuingia kila siku. Akaniambia, "Mwanzoni ndiyo. Siku hizi nisipoingia, wenzangu wa kikosi wananiulizia." Nikanyamaza. Alikuwa amekosa jumuiya majuma matatu, wala hakuna aliyemwulizia, hata mimi.

Wapendwa, mchezo ule umetengenezwa ili mchezaji asitoke, na wenye nao wanapata faida. Lakini hamu ya kutafutwa ameiweka Mungu mwenyewe ndani yetu. Yesu alisimulia habari za mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Basi kabla ya kuikemea simu ya kijana, tukapige hodi kwao.